Tawi la Mayunga

Somanda, Bariadi
4 Machi 2025

Mwanangu Danford,

Habari za Iringa? Natumaini baridi haijakushika kifua. Sisi tupo, mgongo unanisumbua kidogo, lakini jembe nalishika. Asante kwa salamu zako za rambirambi tulipomzika rafiki yako, mwanangu Mayunga. Nilizisoma mwenyewe.

Nina swali. Marehemu alikuwa ananifuata jikoni, ananiita mama kwa kilugha chetu: "Mayu, 'hifadhi' kwa Kisukuma tunasemaje?" Namjibu huku nasonga ugali, anacheka, anaandika. Alisema mnatengeneza pamoja mfumo wa kuendesha kompyuta, wa bure, ninyi na watu wa nchi nyingine, na kwamba toleo la Mei litakuwa na Kisukuma. Je, litakuwa nacho? Ningependa nikione. Hakuoa, hakuacha mtoto.

Mama yako,
Domitila

Iringa
12 Machi

Shikamoo Mama,

Kifua changu kizima. Pole na mgongo.

Mfumo wetu una nakala tunazoziita matawi. Lipo tawi la toleo, ambalo watu wanalitumia. Hilo haliguswi ila kwa marekebisho. Kuna tawi la maendeleo, tunakojaribia mambo mapya. Kisukuma kina tawi lake dogo pembeni, alilolisimamia Mayunga. Kilichopo humo hakijafika nusu. Mwisho wa Aprili tunafunga mlango: kisichokamilika kinabaki nje, na tawi lisilo na msimamizi linaondolewa.

Lakini Januari aliniambia amemaliza yote. Yako kwenye laptop yake. Alitaka ayapitie na wewe mara ya mwisho ndipo ayatume. Tafadhali Mama, nitumie hiyo laptop kwa basi. Asiiguse mtu. Nitasimamia mimi, kwa jina lake.

Mwanao,
Danford

Somanda
9 Aprili

Mwanangu Danford,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu laptop nimeifuata Kasoli.

Kwetu matanga yakianuliwa, vitu vya marehemu wanagawana ndugu. Laptop ilimwangukia baba yake mdogo, Ndalahwa. Barua yako ilikuta imeshaondoka. Nilipofika akanikaribisha maziwa.

"Shemeji, ile mashine ilikuwa mbovu," akasema. "Kuiwasha tu, inaniongelesha Kisukuma! Nikajua imeingia virusi."

"Ukaifanyaje?"

"Nikampelekea Kija, fundi wa simu. Alicheka mpaka akakaa chini. Eti, mzee, kompyuta yako imechunga ng'ombe? Akaifuta yote, akaweka mfumo mwingine. Sasa inaongea Kiingereza safi, hata mimi siielewi."

Alikuwa na furaha, Danford. Sikuweza kumwambia. Aliponiona nalia alidhani namlilia Mayunga tu, akanirudishia laptop. Nimeituma kwa basi hivyo hivyo. Labda kuna kitu kimebaki ndani.

Mama yako,
Domitila

Iringa
27 Aprili

Shikamoo Mama,

Natumaini umeamka salama. Laptop ilifika. Nimetafuta kwa kila njia, nikampa na mwenzetu Gloria, ambaye anajua kuliko mimi. Fundi alifuta kweli.

Jana tulikuwa na kikao cha kupanga toleo. Niliomba tarehe isogezwe. Walinisikiliza, maana walimpenda Mayunga, lakini toleo haliwezi kusubiri lugha moja. Wakauliza nani atasimamia tawi. Mimi Mhehe, Kisukuma sijui hata salamu. Nikasema mama yake yupo.

Nimekutumia barua hii na maneno ya kutafsiri kwenye simu ya jirani yako Nancy. Ukinirekodia hata machache kabla ya Jumatano, tawi halitafungwa. Litangoja toleo linalofuata.

Mwanao,
Danford

Somanda
2 Juni

Mwanangu Danford,

Hujambo? Huku mvua imekatika, pamba imeanza kupasuka.

Nilijaribu. Nancy alinisomea. La kwanza likaja, la pili likaja. Kisha likafika "folda". Hilo tulibishana na Mayunga mpaka maharage yakaungua, na sikumbuki tulikubaliana lipi. Kuanzia hapo kila nililotaja lilikuwa langu, si lake. Nikamwambia Nancy azime. Jumatano ikapita. Usijilaumu.

Juzi Nancy aliniambia toleo limetoka. Nikaenda kwenye duka la kuchapa karibu na hospitali, dada mmoja akaniwekea mfumo wenu kwenye kompyuta.

"Chagua lugha, mama."

Nikasoma orodha polepole hadi chini. Kuna lugha sijawahi kuzisikia. Nikarudi juu, nikasoma tena.

"Mama, unatafuta nini?"

Nikasema nimeshaona. Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri, akanichagulia Kiswahili.

Laptop usiirudishe.

Mama yako,
Domitila