Deni Ambalo Hatukuonyeshwa

Baba,

Ng'ombe wa Mzee Lazaro amerudi kwao. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama tunakula. Rafiki yako alikuja mwenyewe kutoka Ngorongoro baada ya mazishi, akalia kaburini, kisha akakaa uani bila kumtaja ng'ombe wake. Alikuwa anaona aibu kutudai tukiwa na msiba. Ni kaka Bura, huyo mwanao mwenye kichwa kigumu, aliyefungua zizi na kumkabidhi yule jike na ndama wake wote. Hatukubishana hata kidogo. Ungekuwepo ungetusifia kijiji kizima.

Unakumbuka siku uliyompokea umtunzie rafiki yako, ule mwaka wa ukame? Sisi tulishaanza kushangilia maziwa. Wewe ukatuita wote, hata mdogo wetu aliyekuwa mgongoni kwa mama, ukatushikisha sikio lenye alama, mmoja mmoja. Ukasema, "Maziwa mtakunywa, lakini huyu si wetu. Nikifa, ninyi ndio mtakaoulizwa." Mama akakugombeza kwa kutaja kifo mbele ya watoto. Ukamjibu kwamba hata wewe baba yako alikufanyia hivyo hivyo, na kwamba mtu anayepokea ng'ombe wa watu bila kuwaonyesha watoto wake anawachimbia shimo.

Sasa sikia mambo yangu. Pale lojini ninapofanya kazi ya mapokezi alifikia binti wa Kimarekani, mwanafunzi, mdogo kuliko mimi. Tukipiga soga akaniambia kwao anazunguka vyuoni kuwashawishi vijana wenzake wafuatilie deni la taifa lao na bajeti ya serikali. Nikabaki mdomo wazi. Kumbe hata wenye dola wanadaiwa. Nikamuuliza wenzake wanampokeaje, akasema wengi wanapiga miayo. Nilicheka sana, halafu kicheko kikaniishia, maana hata mimi sikujua nchi yangu inadaiwa na nani.

Basi nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kumwomba vijana tupewe nafasi ya kuuliza kwenye mkutano wa bajeti. Akaniambia vijana hawajui hata mkutano unafanyikia wapi. Wakija wengi, atatusikiliza. Wasipokuja, bajeti ipite na nisimsumbue tena. Nikakubali kwa hasira. Hasira yenyewe nimeirithi kwako, usinikatalie.

Nikawafuata vijana kwenye kijiwe cha bodaboda, hapa hapa Endamarariek. Baba, niliharibu. Niliongea kama msoma taarifa ya habari: pato la taifa, riba, sera za kodi. Gwandu, yule mtoto wa jirani ambaye siku hizi anaendesha bodaboda, akaniuliza, "Dada Paulina, deni la nani? Mimi sijakopa." Wakaangua kicheko, abiria wakatokea, kijiwe kikabaki kitupu. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikapitia kaburini kwako kukulalamikia. Hapo ndipo nikamkumbuka ng'ombe.

Siku ya mnada nikarudi kijiweni bila karatasi hata moja. Nikawasimulia ulivyotupanga mbele ya yule jike. Nikawaambia kwamba katika barabara wanazopita na madarasa waliyosomea, mengine yamejengwa kwa mkopo, nayo ndiyo maziwa ya ng'ombe wa watu. Sikusema kukopa ni kubaya. Sisi maziwa tulikunywa, na tulinawiri. Niliwauliza tu, nani kati yao amewahi kuitwa akaonyeshwa? Gwandu akazima pikipiki yake akauliza hayo mambo yanaulizwa wapi. Nikamwambia tuanze na bajeti ya kijiji, ile inayosomwa sisi tukiwa tumekaa kijiweni.

Walikuja, Baba. Walikuja na helmeti zao mikononi, wakaja wasichana wa saluni, wakaja wa mashamba ya vitunguu na matope yao miguuni, mpaka wazee wakabanana kwenye mabenchi. Mwenyekiti akatutazama weee, akavua miwani, akauliza nani ametutuma. Mimi nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Kabla sijaianza, Gwandu akasimama.

"Hakuna aliyetutuma, mwenyekiti. Sisi ndio tutakaolipa."

Niligeuka kuangalia pale ulipozoea kukaa, nikuone unavyotabasamu. Amekaa mtu mwingine. Nililia mbele za watu, Baba, na sikuona aibu.

Mwenyekiti alitimiza neno lake. Tuliuliza mpaka mama zetu wakaanza kuondoka kwenda kupika. Ya kijijini tulijibiwa. Ya deni la taifa tuliambiwa yatapelekwa wilayani, na wewe unajua "yatapelekwa" maana yake nini. Kwa hiyo tunayapeleka wenyewe. Tumechaguliwa wawili kuingia kwenye kamati ya mipango, mimi na Gwandu, na Jumatatu tunapanda gari kwenda Karatu mjini. Wakituzungusha tutarudi tena. Sichoki mimi.

Pumzika, Baba yangu. Mama hajambo, ila bado anakutengea chakula kwa kusahau, na hatumsemi kwa hilo. Siwezi kukuahidi kwamba deni hili litaisha nikiwa hai, maana ni kubwa kuliko mimi. Ninachokuahidi ni kwamba nikijaliwa mtoto, hatalisikia kwa mara ya kwanza siku ya kunizika.

Binti yako,
Paulina