Acha, Siyo Achia

Nyumbani kwa mama,
chumba cha cherehani.
Jumapili, baada ya kula.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na huyo mwanenu ambaye kwenye picha naona kachukua pua ya kwetu, pole yake. Hujambo? Kifua kimeacha kukusumbua? Sisi huku ni wazima, kwa kadiri watu waliopigana wanavyoweza kuwa wazima. Mama anakula, analala, anagomba. Siku ukisikia hagombi ndiyo uogope.

Najua unajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Sababu ninayo, nitakupa mwishoni. Soma kwanza.

Shemeji yako amevunjika mguu. Aliyemvunja ni kaka yetu, Nyundo.

Ilikuwa gerejini kwa Kaka, nyuma ya ukuta wa chumba hiki ninachoshonea. Walikuwa wanarudisha injini ndani ya gari. Kaka kashika mnyororo unaopita kwenye kapi, mume wangu yuko chini anaielekeza kwa mikono, mguu mmoja kauingiza chini ya injini. Pembeni kuna mtu anakata chuma kwa ile mashine inayolia mpaka meno yanakufa ganzi. Ndoano ikaanza kuteleza. Mume wangu akapiga kelele, "Acha!" Yaani simama hapohapo, usiteremshe. Kaka akasikia "Achia!" Akaachia.

Mfupa wa muundi ulitoboa ngozi ukatoka nje. Niliuona kwa macho yangu, mweupe, na sitausahau.

Nilitoka na rula yangu ya mbao, ile ndefu ya kukatia suruali. Nilimcharaza Kaka mgongoni mpaka ikakatika, kisha nikaendelea na kipande kilichobaki. Usinilaumu. Wiki hiyohiyo walikuwa wamegombana kwa sababu ya redio ya Kaka, ambayo alikuwa anaifungulia mpaka vikombe vinatetemeka mezani kwangu. Mume wangu alichoka akaing'oa waya, na Kaka akaapa mbele ya watu kwamba ipo siku atamvunja. Haya, kamvunja. Wewe ungeamini nini?

Mashemeji zangu, wale ndugu wawili wa mume wangu, wachomeleaji, waliamini kama nilivyoamini mimi. Walikuja na nondo. Mkubwa alimtia Kaka ngumi ya mdomo, jino likaruka likaangukia kwenye beseni la spana. Kaka naye si wa kupigwa bure. Alimkaba koo akambamiza kwenye mlango wa gari, kioo chote kikamwagika. Walibiringishana humo kwenye oili na vioo na damu mpaka huwezi kujua shati ni la nani.

"Kwa nini umemwachia ndugu yangu?"

"Si kaniambia mwenyewe achia!"

"Muongo mkubwa we! Kasema acha, mtaa mzima umesikia!"

Ndipo yule mdogo akazunguka nyuma, nondo kaiinua juu. Mama alikuwa ameshafika mlangoni. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, "Nyundo, nyuma yako!" Mdogo wangu, kila mtu aligeuka. Mpaka mbwa wa jirani aligeuka. Kaka hakugeuka. Nondo ilimshukia begani, nikasikia inavyogonga mfupa, akaanguka kwa magoti. Akamtazama mama kwa mshangao, damu inamchuruzika kidevuni, akauliza, "Mama, umesemaje?"

Yule shemeji mdogo aliitupa nondo chini. "Jamani," akasema, "huyu mtu hasikii."

Tumelelewa kwa msemo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu sisi mkuu mwenyewe ndiye asiyesikia, na guu lililovunjika ni la aliyesema.

Mguu ulipokwisha kufungwa plasta, na mkono wa Kaka wa bega lililoumia ukatundikwa shingoni, nilimpeleka kwa mpima masikio. Alimvalisha hedifoni, akamwambia anyooshe mkono kila atakaposikia mlio. Kaka alikaa ametulia, mkono wake mzima gotini, anatabasamu kwa lile pengo jipya, anangoja kipimo kianze. Kilikuwa kimeshafika nusu. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, maana sikuwa na mtu wa kumpiga.

Mpima alitueleza kwamba kelele haikuui kwa pigo moja. Inakupiga kidogokidogo kila siku, wewe unaita kuzoea. Sikio halizoei, linakufa, na kilichokufa mle ndani hakioti tena, si kwa matone wala kwa mafuta ya uvuguvugu. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka. Ndiyo maana Kaka alikuwa anasikia lori likipita, lakini maneno ya mtu yanamfikia yamenyofolewa vipande.

Kaka alijitetea kwamba siku zote alikuwa akitia pamba. Mpima alicheka, akasema pamba hiyo hata mlio wa mbu unaipenya. Kumbe miaka yote niliyomlaumu kwamba ametia pamba masikioni, mwenzangu alikuwa ametia kweli!

Sasa wewe. Mwezi uliopita ulijisifu kwangu kwamba ukitoka kwenye karakana hiyo ya mabati masikio yanapiga mluzi mpaka usingizi ukuchukue, eti ndiyo uanaume wa kazi. Mpumbavu mkubwa. Mluzi huo ni sikio linaomba msaada. Tafuta vile vizibo vya sponji, uvifinye viwe vyembamba, ulivute sikio juu, uvitie, uvishikilie mpaka vijae. Juu yake vaa vile vikinga vinavyofunika sikio zima. Ukiona inakubidi umpayukie mtu ambaye ungeweza kumgusa kwa mkono, ujue hapo unapigwa, ondoka au zima mashine. Na ukitoka kazini usiende kuyamalizia masikio kwa miziki ya simu. Wenzako wakikucheka, waache wacheke. Angalau utakuwa unakisikia kicheko chao.

Huku Kaka kila asubuhi anamsaidia shemeji yako kwenda bafuni, mmoja mguu mbovu, mwingine bega bovu. Wanatukanana njia nzima. Kaka anamtazama mdomo ili asipitwe na tusi. Redio kaifungia kabatini mwenyewe, na mimi nikiona kabati hilo roho inaniuma.

Sababu ya kalamu ni hii. Siku ileile ya ajali nilikupigia simu. Nikakwambia, "Shemeji yako ameumia." Ukanijibu kwa furaha, "Amehamia wapi?" Nikapayuka, "Ameumia!" Ukasema, "Basi mpe hongera, kuhama ni maendeleo." Nilitukana mtandao nikakata. Halafu nikampigia shangazi, simu ileile, nimesimama palepale, na yeye alisikia kila neno, mpaka nilivyokuwa nahema. Mdogo wangu, niliogopa kuliko nilivyoiogopa ile nondo.

Mama anakusalimu. Shangazi anakusalimu. Shemeji yako anakusalimu kutoka kitandani, na hajahama. Kaka anakusalimu na anasema ukimuiga atakuja kukupiga kwa ule mkono mzima. Nibusie huyo mwenye pua yetu. Mungu akulinde na vyuma na ghadhabu za watu, na akuachie sauti ya mwanao, maana ni nyembamba, nayo ingetangulia.

Ukimaliza kusoma, nenda mahali penye kimya unipigie. Sitakusalimu. Nitasema neno moja tu, ama acha ama achia, nawe utaniambia nimesema lipi.

Wako akupendaye kwa hasira zake zote,
dada yako, mwenye rula mpya.