Wiki ya Neema Kushika Matumizi

Jumatano

Nilijua tu. Jumapili nilimkabidhi binti yangu Neema pesa ya matumizi ya nyumba ya wiki nzima, ajizoeze kabla ya kwenda chuo Dodoma. Leo imeisha. Kuku na chipsi za juzi ndizo zilizoimaliza.

Mkono wangu ulishafika kwenye pochi, nikauzuia. Akiwa Dodoma nitamfikiaje kila akikwama?

Baba yake akamtania, "Mheshimiwa waziri wa fedha, leo tunakula hewa?"

"Subiri, Baba." Akatoka na beseni, akarudi na mnafu uliojiotea shambani kwetu, mboga anayoikataa tangu utoto. Akaupika bila mafuta.

Mchungu kweli. Lakini aliponiuliza, "Mama, nikuongeze?" nilimsogezea sahani.

Ee Bwana, asante. Na kesho unishikie tena huu mkono.