Kasamaki ka Mawe ya Makobola

Makobola, Jumapili baada ya ibada

Kwako yaya yangu, dada yangu mkubwa Georgette,

Amani ya Bwana ikukute hapo Bujumbura ulipokwama, pamoja na mama Providence anayekulaza kwake. Mguu uliopasuliwa unaendeleaje? Minye niko mzima, ila kifua kinanisumbua kwa baridi ya mvua hizi. Shalom wako ni mzima pia. Meno ya nyuma yameota, anakula bugali na ndagala bila kusukumwa, na akikasirika anakunja uso kama weye kabisa. Nimeanza na yeye kwa sababu najua ndiye utakayemtafuta kwanza katika karatasi hii.

Umeuliza kwa nini telefone ya mumeo Osée hailii. Nitakujibu, yaya, lakini uniache nifike huko taratibu, maana nikianzia mwisho sitaweza kuandika mengine.

Tangu uende kupasuliwa na vita ikafunga mpaka wa nchi nyuma yako, mvua haikutuhurumia. Mto umeshusha udongo wa mlimani mpaka ziwani, na mawe yote ya mbele ya nyumba yako yamefunikwa. Pale mumeo alipokuwa anazamia samaki wa patron Marcellin, bosi wake, wale wa kupelekwa Ulaya wakiwa hai, sasa ni matope tu. Unakajua kale kasamaki, kadogo kama kidole, kenye macho juu kama ya chura. Hakaogelei kama wengine. Kanarukaruka juu ya jiwe pale mawimbi yanapopiga, kakiinuka kidogo kanazama tena, na chakula chake ni ule ukijani wa kwenye jiwe. Mchanga hakavuki. Jiwe likifunikwa, nako kanafia hapo hapo. Osée alikuwa anazama na kurudi mikono mitupu, anakaa ukingoni, na minye namchokoza kwamba ameoa ziwa sasa.

Mawe yaliyobaki safi yako kule kwenye ncha, pale nchi kavu inapoingia ziwani, na huko wenye bunduki wamekataza mtumbwi wowote. Nilimwambia asiende. Akajibu kwamba mtoto hatakula udongo. Alikwenda alfajiri, akarudi na tusamaki twake kwenye bidon, lile dumu lililokatwa juu, tukacheka kidogo, jambo lililokuwa limetupotea.

Alipokuwa anawatenganisha, akamwona mmoja koo limevimba. Mwiko ule unaukumbuka, maana weye ndiye uliyeuweka. Ulipokuwa na mimba ya Shalom ulimwapisha kwamba samaki mwenye mdomo uliojaa haletwi nyumbani; anarudishwa kwenye jiwe lake mwenyewe, si jingine, kwa sababu mwenzake yuko hapo. Tangu siku hiyo hakuuvunja, hata wazamiaji wenzake walipomcheka.

Nilimsihi amwachie tu hapa mbele ya nyumba. Akanieleza, kwa upole wake ule unaoudhi, kwamba huyu ni dume. Jike ndiye anayebeba mayai mdomoni kwanza. Yakishaanguliwa anamtemea mwenzake watoto, naye anakaa nao mdomoni mpaka waweze kujishika kwenye jiwe. Alisema mama yao ameshamkabidhi, na hapa kwenye matope watakufa wote. Akamweka Shalom mikononi mwangu, akasema anarudi sasa hivi, akabeba bidon.

Jua lilikuwa limeshapanda. Yaya, kama umesimama, kaa chini. Walimpiga risasi kwenye ncha ile. Waliofyatua sijui ni wa upande gani, na waliokuja kutuuliza hawakujua pia. Wavuvi walimleta ndani ya mtumbwi wake mwenyewe. Bidon ilikuwa tupu miguuni pake. Watu wanasema ilimwagika alipoanguka. Minye nataka kuamini kwamba alilifikia jiwe kwanza. Mchungaji Gédéon alimzika nyuma ya kanisa, maana makaburi ya chini yameingia maji.

Nilimkasirikia sana. Sitakuficha, na weye nilikukasirikia kwa ajili ya mwiko ule, kisha nikaona aibu, kwa sababu nilikuwepo ulipouweka na niliupenda.

Kuna neno moja limebaki, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kumtuma mama Agnès akwambie kwa mdomo akivuka kwa siri na mawese yake. Shalom ananiita mama. Mara ya kwanza nilimrekebisha, nikamwambia mama yuko Bujumbura. Akanitazama, akaita tena. Sasa ninamwitikia. Namwogesha, namfunga mgongoni, analala mkono wake ukiwa ndani ya nguo yangu, na minye sikujaliwa mtoto, unajua. Kila Jumapili kanisa lote linaomba kwamba mpaka wa nchi ufunguliwe. Nami napiga magoti pamoja nao, yaya, lakini minye naomba usifunguliwe. Leo pia nimeomba hivyo. Kwa hiyo pona upesi, utafute njia, uje umchukue, usiningoje minye nimlete.

Umshukuru mama Providence kwa ukarimu wake. Mstari huu uliopinda hapa chini ni wa Shalom. Nilimshikisha kalamu akusalimie.

Ni minye mdogo wako,
Blandine