Lile Figa la Chuma

Dada Kijakazi,

Shikamoo. Mie mzima, nauza mitumba. Siku hizi kila kitu ruksa, hata suruali ya marehemu Mzungu inapata mwenyewe.

Dada, lile figa la chuma nililokutumia kwa basi, niliyaokota mawili Kariakoo, kwenye shimo la msingi wa ghorofa. La pili nimempelekea Yogesh wa duka la vyuma. Akakwangua kutu, akaruka nyuma. "Zahoro, mwehu wewe! Hilo bomu la vita vya Mjerumani! Usilitie moto!"

Nikacheka. Halafu nikakukumbuka unapikia lile lako, nikakimbilia stendi. Kondakta nimempigia magoti aikimbize barua hii.

Kama unaisomea jikoni, acha chungu, beba watoto, toka. Utanitukana ukishafika mbali. Nitukane tu, dada.

Mdogo wako,
Zahoro