Ombi Lisilofungwa

Wichita, Kansas
12 Machi 1979

Wadha, binti ami yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa ami Marhoun na kwa wote walioko nyumbani. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Goti la ami linaendeleaje? Na wewe, watoto wa skuli wanakupa raha au wanakutoa roho?

Nina habari. Kile chombo changu cha kuzima pampu maji ya kisima yanapokwisha kimekubaliwa. Unakumbuka pampu ya ami ilivyoungua pale shambani maji yalipokwisha? Ndiyo iliyonitia wazo. Sasa napewa patenti: kwa miaka kumi na saba hakuna ruhusa mtu kukitengeneza hapa Marekani bila ya idhini yangu.

Nilikuahidi kwamba siku nitakayopewa ndiyo nitakayofunga mizigo nirudi Ibra. Lakini wakili amenifumbua macho. Katika ombi langu nilieleza njia tatu za kuzima pampu: kwa boya, kwa waya unaohisi maji, na kwa kupima nguvu ya maji bombani. Nikadai boya tu kuwa langu. Anasema kabla patenti haijatoka naweza kuingiza ombi jengine la kuliendeleza lile, nidai waya. Maelezo yanabaki yale yale, siruhusiwi kutia kitu kipya. Yanayobadilika ni madai. Na ombi hilo litahesabiwa kana kwamba liliingia pamoja na la kwanza, mwaka 1976, kwa hivyo atakayekuja baada ya hapo na waya wake atanikuta mbele yake. Nikiliacha la kwanza lifungwe hivi hivi, nafasi imepotea.

Basi nimeliingiza. Nivumilie, mwakani inshallah.

Mwana wa ami yako,
Nadhir

*

Ibra
30 Aprili 1979

Nadhir,

Barua imefika, na picha yako kwenye theluji imezunguka mtaa mzima. Sote wazima. Goti la baba linamuudhi akipanda ngazi tu. Mabruki, elfu mabruki! Baba anamsomea barua yako kila mgeni anayeingia majlisi, mpaka mzee Khalaf siku hizi akimwona kwa mbali anapita njia nyengine.

Mimi nimefurahi, wallahi. Kisha nikaingia ndani nikalia. Nilikuwa nimeshachagua vitambaa. Mwaka wa tano huu tangu niposwe nawe ukapanda ndege, na kuna siku sura yako inanipotea mpaka niitafute kwenye picha.

Mimi mwalimu wa hisabu, nipe jibu lililonyooka. Hilo ombi linataka uwepo huko mwenyewe? Au wakili anaweza kulishughulikia na wewe uko Ibra?

Wa kwako,
binti ami yako Wadha

*

Wichita
3 Septemba 1981

Binti ami,

Salamu kwako na kwa ami. Ni mzima? Nisamehe kwa kimya, kazi zimenizidi. Tende za mwaka huu zimekuwaje? Juzi niliota nala khalasi, nikaamka na njaa.

Uliniuliza kama lazima niwepo. Sheria hailazimishi. Wakili ndiye anapenda niwe karibu, na mambo yenyewe yamenoga. Patenti ya waya imetoka, na kabla haijatoka nimeingiza ombi la tatu. Kuna kampuni imeanza kuuza chombo kinachopima nguvu ya maji bombani, na mimi njia hiyo niliieleza tangu mwanzo! Ndiyo faida ya kuwa na ombi lililo wazi, Wadha. Unakaa unawatazama wenzako wanauza nini, kisha unaandika madai yawaenee barabara kama nguo ya fundi. Wajanja wa huku hawaachi ombi la mwisho likafungwa.

Usiwe na wasiwasi. Wewe una mwana wa ami yako, na hakuna wa kunitangulia.

Nadhir

*

Ibra
17 Februari 1982

Nadhir,

Natumai barua hii itakukuta na afya. Baba anakusalimu.

Alhamisi alikuja Musallam, mwalimu mwenzetu kutoka Sur, pamoja na wazee wake. Baba akawapa halwa na kahawa, kisha akawaambia alichowaambia wengine kabla yao: binti ana mwana wa ami yake, huyo ndiye wa kwanza, mpaka aseme kwa kauli yake kwamba amemwachia. Wakashukuru, wakaenda zao. Mimi sikuulizwa kitu.

Simtaki Musallam. Ninayemtaka unamjua. Lakini nilikaa jikoni nikizikumbuka barua zako, na nimezielewa kuliko unavyodhani. Mimi nina tarehe yangu, 1974, na kila muda ukikaribia kwisha unaandika barua nyengine. Hutii kitu kipya. Unazuia wengine tu, na wewe mwenyewe huji.

Nimechoka, Nadhir. Nakutamani mpaka najionea haya. Njoo. Na kama huji, muandikie baba kwamba umeniachia.

Binti ami yako,
Wadha

*

Ibra
9 Januari 1983

Nadhir,

Hujambo? Sisi hatujambo. Posta yetu inafanya kazi, nimekwenda kuwauliza.

Wadha

*

Wichita
22 Februari 1984

Wadha,

Salamu. Nakuombea afya, na ami pia.

Ombi la tatu limekubaliwa. Wakili ameniwekea karatasi za la nne mezani, nami nikashindwa kutia sahihi. Nilikuwa nakufikiria wewe jikoni.

Ndani ya bahasha hii mna barua ya kumpa ami. Nimesema kwa kauli yangu kwamba nimemwachia binti ami yangu, aolewe na amtakaye. Niliiandika na kuichana mara nyingi. Niliogopa kwamba nikikuachia nafasi yangu sitakuwa na chochote cha kunirudisha Ibra. Nakupenda. Nimekuandikia barua miaka kumi na hilo sijapata kuliandika.

Nadhir

*

Ibra
14 Aprili 1984

Mpenzi Nadhir,

Sisi wazima, alhamdulillahi, na joto limeshaanza. Nawe upo salama?

Baba aliisoma barua yako mbele ya watu. Akaikunja, akaomba kahawa. Wanawake wakanipa hongera. Nilikwenda chumbani nikalia kuliko siku ile ulipopanda ndege.

Musallam amekuja tena. Safari hii baba alinifuata jikoni kwa goti lake lile, akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akaniuliza, "Wewe mwenyewe unasemaje, mwanangu?" Tangu niposwe sijapata kuulizwa.

Sasa huna haki yoyote kwangu, na mimi sikungoji. Lakini nilichokuomba uniachie ni ile nafasi yako ya kwanza, sikukuomba uache kuja. Ukija, utakuja kama Musallam: upige hodi, ukae majlisi na jasho lako, baba akuulize unafanya kazi gani na utanilaza wapi, kisha aje jikoni aniulize mimi.

Nimemuomba baba nitoe jawabu siku skuli zitakapofungwa, mwisho wa Mei. Mpaka siku hiyo simwambii mtu ndiyo wala hapana.

Wadha