Kaka na Koti Langu la Ngozi

Shoga, nimeanguka na pikipiki. Ni mzima, usipige simu. Niko kwa daktari, na hasira zinaniuma kuliko kiwiko.

Na kiwiko chenyewe kimevimba kama boga!

Unakumbuka tulivyobishana dukani? Wewe ulitaka nichukue koti la kitambaa, jepesi, linalopitisha hewa. Mimi nikang'ang'ania ngozi, kwa sababu haichaniki upesi ikiburuzwa kwenye lami. Na kweli, haijachanika hata kidogo.

Ila daktari kapapasa mikono ya koti, akaniuliza, "Dada, vikinga vya viwiko viko wapi?" Nikamjibu vimo ndani. Akageuza bitana, hakuna kitu. Hata vya mabega havipo!

Nikampigia kaka. Si ndiye aliyeliazima kwenda kupigia picha za uchumba?

"Nilivitoa," anasema. "Vilikuwa vinanifanya nionekane mnene."

MNENE! Shoga, mifupa yangu na unene wake!

"Na hukuvirudisha?"

"Nilisahau, mdogo wangu. Lakini koti limepona?"

Kaulizia koti! Mimi hajaniulizia mpaka sasa!

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wangu kaivaa nguo yenyewe, akapigwa picha.

Basi umeshinda. Nikitoka hapa nanunua la kitambaa, lenye vikinga vyote, la manjano ya kuumiza macho, na mistari ya kung'aa mgongoni. Nataka liwe baya kiasi kwamba mtanashati wetu asiliazime hata akitetemeka kwa baridi.